Msichana wa Kitabuni na Msichana wa Kwenye Usaili

Rafiki yangu mmoja, mwandishi wa hadithi za watoto, aliniomba nimsaidie kugeuza vitabu vyake vitatu viwe filamu. Vinamhusu msichana wa Kigamboni, wa miaka 11, anayezungumza na jini wa baharini. Mimi nilizoea kuandika michezo ya redio. Filamu nilikuwa naitazama tu kama watu wengine. Hadi leo tumemaliza ya kwanza, ya dakika 40. Kama nawe una mfululizo wa fantasia mkononi na unataka kuupeleka kwenye filamu, nakuomba unisikilize hasa kuhusu kuchagua waigizaji, maana hapo ndipo tulipoteleza.

Usaili tuliufanyia Sinza, Jumamosi mbili. Walikuja wasichana zaidi ya 30, wengi wamesindikizwa na mama au shangazi zao. Jioni ya siku ya pili wakabaki wawili, na karibu sote tukamtaka yule mweupe mwenye nywele ndefu. Mwandishi alikuwa kimya muda mrefu. Kisha akafungua kitabu chake, akatusomea: "mweusi kama mkaa ulionyeshewa." Kitabu hicho tulikuwa tumekisoma sote, mimi mara tatu, na hakuna aliyeikumbuka sentensi ile. Macho yalipita juu ya maneno, lakini kichwani tukaweka sura tuliyozoeshwa na video za muziki na mabango ya matangazo. Niliona aibu, na sioni sababu ya kuificha.

Jambo hili limewapata wengi. Filamu ya The Hunger Games ilipotoka mwaka 2012, baadhi ya watazamaji Marekani walilalamika mitandaoni kwamba Rue, msichana mmoja wa kwenye hadithi hiyo, ameigizwa na mtoto mweusi, Amandla Stenberg. Mwandishi wake, Suzanne Collins, alikuwa ameandika wazi kitabuni kwamba Rue ana ngozi ya kahawia iliyokoza. Kwa hiyo kabla ya usaili chukua daftari, nakili kwa mkono kila mstari unaomweleza mhusika: umbo lake, anavyosema, anachofanya akiogopa. Daftari hilo ndilo likae mezani waigizaji wanapoingia.

Hapo tena usiende kupita kiasi, ukataka kila unywele ufanane. Jiulize ni maelezo gani yanabeba hadithi. Harry Potter wa vitabuni ana macho ya kijani. Daniel Radcliffe ana ya bluu, na lenzi za rangi zilipomsumbua waliachana nazo. Filamu nane zikaendelea, kuanzia 2001 hadi 2011, na wengi wakazoea. Kilichokuja kuwakera wasomaji kilikuwa kwenye ile ya mwisho: hadithi nzima inasisitiza kwamba Harry amerithi macho ya mama yake, halafu mtoto aliyeigiza utoto wa mama huyo akawa na macho ya kahawia. Rangi yenyewe ilisameheka, lakini mama na mwana kutofanana kuligusa kiini cha kisa. Kwetu, weusi wa yule msichana unabeba hadithi, kwa sababu wenzake wanamcheka kwa ajili yake na usiku baharini weusi huohuo ndio unaomficha. Mwanya alioandikiwa ukurasa wa pili tuliuacha bila majuto.

Suala la umri nalo lilitugharimu. Tulishauriwa tumchukue binti wa miaka 16 mwenye mwili mdogo, eti mtoto mdogo anasumbua kazini. Ushawishi huo ni mkubwa hata kwa wenye fedha: Percy Jackson wa kitabu cha kwanza ana miaka 12, na filamu ya 2010 ikampa Logan Lerman aliyekuwa na 17 wakati wa kurekodi. Baada ya filamu mbili mfululizo ule ukaishia hapo, na mwaka 2023 ukaanza upya kwenye televisheni na mtoto hasa, Walker Scobell. Sisemi umri peke yake ndio ulioua filamu zile. Nasema hofu ya mtoto wa miaka 11 mbele ya bahari huwezi kuiazima kwa binti wa miaka 16.

Lakini mtoto hakusubiri. Fedha zilikatika katikati ya kazi, tukarudi baada ya miezi minane, na msichana wetu alikuwa amempita kimo kaka yake wa kwenye hadithi. Tulimsimamisha kaka juu ya kreti la soda, tukakwepa kupiga picha za miguu. Peter Jackson alirekodi filamu zake tatu za The Lord of the Rings kwa pamoja kule New Zealand, kuanzia Oktoba 1999 hadi Desemba 2000. Sisi uwezo huo hatuna, ila tunaweza kuiga wazo: vipande vyote vya mtoto, hata vya kitabu cha pili, virekodiwe kwanza, ndani ya likizo ya Juni au Desemba, na wazazi wajue ratiba tangu siku ya kwanza.

Hati nazo zisisubiri urafiki. Andikianeni mkataba unaotaja vitabu vyote, kwani Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mwandishi haki ya kuamua nani ageuze kazi yake, na fuatilia kibali cha Bodi ya Filamu mapema.

Imebaki habari ya jini. Hatukuwa na fedha za kumtengeneza kwa kompyuta, nikakumbuka vibanda vya video na jinsi Lufufu alivyokuwa akitafsiri filamu za nje, sauti yake moja ikijaza banda zima. Tukaamua jini awe sauti tu. Tulimpata mzee wa Magomeni, muuza kahawa, ambaye hajawahi kuigiza. Siku ya mazoezi tulimweka nyuma ya pazia. Kwenye mswada, msichana alitakiwa apige kelele, "Nani wewe?" Mzee akaliita jina la msichana, polepole. Mtoto akarudi hatua moja, akameza mate, akasema, "Shikamoo." Pazia likatulia kidogo, kisha sauti ikajibu, "Marahaba, mjukuu wangu." Mwandishi alichukua kalamu akaufuta mstari wake.