Data inavyogeuka taarifa: tazama sensa ya Dar

Mdogo wangu, umeuliza data inageukaje kuwa taarifa, na mtu asiyesomea kompyuta inamhusu nini. Chukua sensa. Mwaka 2012 Dar es Salaam ilikuwa na watu 4,364,541. Mwaka 2022, watu 5,383,728. Hizo ni data. Ukizipigia hesabu unapata ongezeko la asilimia 2.1 kwa mwaka, wakati nchi nzima ni 3.2. Anayekurupuka atasema watu wameanza kuikimbia Dar. Mimi nakataa kabisa! Angalia jirani: mkoa wa Pwani umetoka 1,098,668 hadi 2,024,947, karibu maradufu. Mtu analala Mkuranga au Kibaha, asubuhi yuko dukani kwake Kariakoo, na sensa inamhesabu alikolala. Hapo ndipo data inageuka taarifa: jiji linakua, ila sehemu ya ukuaji wake inaandikwa mkoa wa jirani. Inakuhusu kwa sababu barabara, maji na zahanati hupangwa kwa hesabu hizi. Ukiletewa takwimu yoyote, uliza kwanza wamehesabu nini, wapi, na nani kaachwa nje. Majedwali ya sensa yapo kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu; anza na kata yako.