Kupunguza ukubwa wa vipandikizi vya matiti: usianze na namba

Dada, nimekuelewa: una vipandikizi vya cc 475 (cc ni mililita, yaani ujazo wake), shingo na mabega yanakuuma, unataka kushuka hadi 300 lakini unaogopa matiti yatalala. Hofu yako ina msingi. Ngozi iliyovutwa kwa miaka hairudi yote, na mfuko ulio ndani ya titi, uliozoea kipandikizi kikubwa, ni mpana mno kwa kidogo. Kikiachwa humo hivyo hivyo, kinaweza kuteleza kuelekea kwapani au chini.

Nilipopunguza vyangu, daktari alipima kwanza upana wa titi kwa rula, ndipo tukazungumzia ujazo. Cc 300 inaweza kuwa pana na bapa, au nyembamba iliyochomoza mbele, na muonekano hutofautiana kabisa. Muulize wako kama atashona mfuko uwe mdogo, na kama utahitaji kuinuliwa matiti. Kuinua huacha kovu kuzunguka chuchu, mara nyingi na jingine la kushuka chini. Binafsi ningechagua kovu kuliko titi lililobonyea juu.

Tafuta kadi ya vipandikizi vyako. Vile vya kampuni ya Allergan, aina ya BIOCELL, vyenye uso wa kukwaruza, viliondolewa sokoni 2019 kwa kuhusishwa na saratani adimu ya limfu. Kama ni hivyo, mwambie daktari mapema. Sigara nayo acha wiki kadhaa kabla, kwani hupunguza damu inayofika kwenye chuchu.

Titi moja likivimba ghafla, usisubiri tarehe ya upasuaji. Nenda ukapigwe ultrasaundi.