Dengi ya mara ya pili

SWALI: Niliugua homa ya dengi Dar es Salaam mwaka 2019. Jirani anasema nikiipata tena itakuwa mbaya zaidi. Si mwili hujenga kinga, kama kwa surua?
Msomaji, Temeke

JIBU: Jirani hajakosea, ingawa si kila anayeugua mara ya pili huzidiwa. Surua ina aina moja ya kirusi kwa upande wa kinga. Dengi ina nne. Ile iliyokupata kwa kawaida hairudi, ila tatu zilizobaki bado zinakudai.

Mbu Aedes, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, humtemea mtu kirusi pamoja na mate yake anapomuuma. Kirusi kimevikwa protini iitwayo E, nakala 180, zimelala mbili mbili. Kikishajinasa kwenye seli, utando wa seli hubonyea ndani, ukakifunga katika kifuko. Kifuko kile huzidi kuwa na asidi, kwa kuwa ndivyo seli inavyosaga vitu inavyovimeza. Asidi hiyohiyo ndiyo ufunguo wa mwizi: zile jozi za E huachana, zikasimama tatu tatu na kuchomeka ncha zao kwenye utando wa kifuko. Utando wa kirusi na wa kifuko huungana, RNA, yaani maelekezo ya kutengeneza kirusi, ikamwagikia ndani ya seli, nayo seli ikaanza kutengeneza protini za mgeni.

Sasa kingamwili zako za 2019, yaani protini za ulinzi ambazo mwili ulitengeneza ulipougua. Zikikutana na aina nyingine huishika vizuri, lakini huenda zisiizime. Mkia wa kingamwili una mahali pake pa kushikwa kwenye monositi na makrofaji, ambazo ni seli za ulinzi. Zikiuvuta mkia, zinavuta na kirusi kikiwa hai, tena ndani ya seli ambazo kinazipenda kuzaliana. Kingamwili zikiwa tele hukizima. Zikiwa haba mno hazibadili kitu. Balaa liko kwenye kiwango cha katikati.

Ukishikwa na homa, mwambie daktari kwamba uliwahi kuugua dengi. Kwa maumivu tumia paracetamol kwa kipimo chake. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ziache, maana huongeza hatari ya kutoka damu. Na usishangilie homa ikishuka. Kati ya siku ya tatu na ya saba ya ugonjwa, homa inapopoa, ndipo mishipa ya damu huweza kuvuja maji. Tumbo likiuma sana, ukitapika mfululizo, fizi zikitoa damu au ukilegea kupita kiasi, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.