Ovadraivu kwenye Land Rover ya zamani: ikae wapi?

SWALI: Shikamoo Mzee Fundi. Nina pikapu ya Land Rover Series III, chasi ndefu ya inchi 109, injini ya petroli ya lita 2.25, gia nne. Nikifika kilomita 80 kwa saa injini inalia mpaka mimi na abiria hatusikilizani. Fundi mmoja kaniambia atakata propela shafti ya nyuma anipachikie ovadraivu (gia ya ziada ya kupunguza mizunguko ya injini) iliyotolewa kwenye gari dogo. Nimkubalie?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimkubalie, na nashukuru umeuliza kabla hajakata.

Kelele hiyo si ugonjwa. Kwa difu yako ya 4.7 na matairi ya 7.50-16, kilomita 80 kwa saa kwenye gia ya nne ni takriban mizunguko 2,900 ya injini kwa dakika. Gari hili lilipangiwa shamba na njia mbovu, si lami ndefu. Ovadraivu ni dawa nzuri, na mimi naipenda kuliko kubadili difu, kwa sababu ukibadili difu unapoteza nguvu kwenye gia zote na spidomita inaanza kusema uongo.

Shida ni mahali anapotaka kuiweka. Nguvu ikitoka giaboksi inaingia kwenye transfa, na transfa ndiyo inayoigawa kwenda mbele na nyuma. Ovadraivu ikikaa kwenye propela ya nyuma, utatembea vizuri tu siku zote unazovuta kwa magurudumu mawili. Siku utakayobonyeza kirungu cha manjano cha kuingiza magurudumu yote manne huku umesahau kuitoa ovadraivu, magurudumu ya nyuma yatalazimishwa kukimbia karibu robo zaidi ya ya mbele. Series III haina difu ya katikati ya kusawazisha tofauti hiyo. Kwenye tope matairi yatateleza na utapona. Kwenye ardhi ngumu hakuna pa kuteleza, basi kitavunjika kilicho dhaifu: krosi ya propela, shafti ya ekseli, au meno ya transfa yenyewe. Tena ovadraivu nyingi za magari madogo huharibika ukirudi rivasi zikiwa zimeingia, na hazikuundwa kubeba mzigo wa gia ya kwanza ukiwa umeweka lo, yaani gia nzito za transfa.

Inayokufaa ni ile iliyoundwa kwa ajili ya gari lako, kama Fairey ya Uingereza. Inafungwa nyuma ya transfa, pale panapofungwa mtambo wa kuendeshea mashine za shamba, lakini kazi yake inafanyika kabla nguvu haijagawanywa, kwa hiyo mbele na nyuma vinapata mwendo mmoja. Uwiano wake ni 0.782. Ile mizunguko 2,900 inashuka hadi kama 2,250, na spidomita inabaki sahihi. Ila ukiifunga, mtambo wa mashine hauna nafasi tena pale nyuma.

Kabla ya kununua chochote, mwaga oili ya transfa na ufungue kifuniko chake cha nyuma, pale ovadraivu itakapofungwa. Utakutana na nati na gia iliyokaa mwisho wa shafti kuu. Ishike gia hiyo uitikise juu na chini, kisha ivute na kuisukuma. Ikicheza sana, au michirizi ya shafti imelika, tengeneza giaboksi kwanza. Gia hiyo ndiyo itakayotolewa ili ovadraivu ishike shafti, na ukiifunga kwenye shafti iliyochoka utaua vyote viwili.

Ukinunua iliyotumika, izungushe kwa mkono usikilize beringi, na uangalie sana bushi yenye meno inayoshika shafti. Oili yake ni ya peke yake na haifiki nusu lita, kwa hiyo sili ikivuja kidogo tu inakauka upesi. Ipime mara kwa mara, usingoje ilie.

Kuiingiza, kanyaga klachi mpaka chini, sogeza kirungu chake taratibu. Mlima ukianza na mzigo ukiwa nyuma, itoe mapema, maana haiongezi nguvu hata kidogo. Na kwa kuwa sasa utashawishika kukimbia zaidi, rekebisha breki zako zote nne kabla ya safari ya kwanza: ni za ngoma, na uzito wa gari ni uleule.