Mgongo wa mkulima wa zabibu

Swali: Shikamoo daktari. Nalima zabibu Hombolo. Tangu tupogoe, maumivu yanashuka kiunoni hadi kidole gumba cha mguu wa kushoto, yanachoma kama pilipili. Jirani anasema bila upasuaji sitapona. Kweli?

Jibu: Marahaba, mama. Pole sana, na si kweli. Inaelekea neva imebanwa chini ya kiuno. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kisu. Usishinde kitandani, tafadhali. Tembea dakika 10, pumzika, rudia. Matawi ya chini pogoa umekaa kigodani. Ndoo ya lita 20 ibebe nusunusu. Ila mkojo ukikushinda kuuzuia, au sehemu za siri zikifa ganzi, wahi hospitali siku hiyohiyo, hata usiku.