Uasin Gishu: nani alifika, nani aliondoka, na miji ilitoka wapi

Tangu Eldoret itunukiwe hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, maswali juu ya kaunti hii hayakauki. Nimejibu machache. Barua za kugombania mipaka ya mashamba nimeziweka kando. Hizo zina korti yake.

Babu yangu husema Wayahudi walikaribia kupewa Uasin Gishu. Sisi wajukuu hucheka. Ni hadithi tu? (Msomaji, Kapseret)

Acheni kucheka, babu yuko sawa. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alimpendekezea Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni (Wayahudi waliotaka kuwa na nchi yao), eneo la kama kilomita za mraba 13,000 kwenye uwanda huu. Miezi michache kabla, Wayahudi walikuwa wameuawa mjini Kishinev, katika himaya ya Urusi, na Herzl alitafuta kimbilio la haraka. Aliufikisha mpango huo kwenye kongamano la Basel, Agosti 1903, na kikao nusura kivunjike. Wajumbe wa Urusi, ambao watu wao ndio waliokuwa wakichinjwa, ndio waliotoka ukumbini kwa hasira: kwao ni Palestina au basi.

Hata hivyo iliamuliwa watumwe watu wa kwenda kutazama. Mapema mwaka 1905 wakaja watatu: Meja Gibbons, Mwingereza, Alfred Kaiser, Mswisi, na Nahum Wilbusch, mhandisi Myahudi wa Urusi. Wilbusch alirudi na ripoti ya kukatisha tamaa, na kongamano la mwaka huo likafunga faili. Walowezi Waingereza wa huku, Lord Delamere akiwa mbele, walishangilia, maana walikuwa wameupinga mpango tangu mwanzo.

Wanahistoria huuita Mpango wa Uganda kwa sababu hadi 1902 upande huu ulihesabiwa chini ya Uganda. Jambo ambalo vitabu vingi hulipita mbio ni kwamba Wanandi, waliokuwa wakilisha ng'ombe wao hapa, hawakuulizwa na Chamberlain, wala na Herzl, wala na Delamere. Mwaka uleule wa 1905, tarehe 19 Oktoba, kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipigwa risasi na Richard Meinertzhagen, ofisa wa jeshi la Waingereza, katika mkutano ulioitwa wa amani. Baada ya vita vyao na Waingereza, Wanandi walisukumwa ndani ya hifadhi, na serikali ikaanza kuunadi uwanda kana kwamba haukuwa na mwenyewe.

Makaburu walifuata nini huku mbali namna hii? (Msomaji, Moiben)

Ardhi, na pia nafasi ya kuondoka kwao. Vita vya Makaburu, wazungu wa Afrika Kusini wenye asili ya Kiholanzi, na Waingereza huko kwao vilikuwa vimekwisha mwaka 1902 na kuacha mashamba yamechomwa na ndugu wamegawanyika. Jansen van Rensburg, aliyeongoza msafara mkubwa wa 1908, alikuwa amepigana upande wa Waingereza. Mtu kama huyo hakosi sababu ya kutafuta majirani wapya.

Wachache walitangulia, akina Van Breda wakiwemo, lakini msafara wa Van Rensburg ndio uliobadilisha sura ya nchi: familia karibu hamsini, watu zaidi ya 200, kwa meli hadi Mombasa, kwa treni hadi Nakuru. Kutoka Nakuru reli haikuwasaidia tena. Walipakia magari ya kukokotwa na maksai, wakaondoka Agosti, wakapanda ukingo wa Bonde la Ufa wakijikatia njia msituni na kukwama kwenye matope, na Oktoba ndipo walipofika karibu na mlima Sergoit. Leo safari hiyo matatu huimaliza asubuhi moja, na bado abiria hunung'unika.

Baada ya kugawiwa mashamba walilima ngano na mahindi, wakawinda, na wengi wao waliishi kwa kubeba mizigo kati ya stesheni ya Londiani na uwandani.

Eldoret iliitwa 64 kwa sababu ya shamba au kwa sababu ya maili? Tumebishana hadi chai imepoa. (Wasomaji, Langas)

Maelezo yote mawili yanasimuliwa: kwamba palikuwa shamba namba 64, na kwamba palikuwa maili 64 kutoka kwenye reli. Mimi nasimama na shamba. Wapimaji waliugawa uwanda kwa namba, na shamba 64 lilibaki kwa sababu udongo wake haukuwavutia wakulima. Posta ikawekwa hapo mwaka 1910, maduka yakafuata, na wenyeji wakalitamka jina hilo "Sisibo". Mwaka 1912 Gavana Percy Girouard akatangaza jina rasmi la Eldoret, linalotokana na neno la Kimaasai la mto wenye mawe, yaani Sosiani.

Hadithi ya benki mnaijua: kasha la fedha lilianguka kutoka kwenye gari la maksai, likawa zito mno kuinuliwa, basi wakajenga kuta kulizunguka. Ni tamu, na sina haja ya kuiharibu.

Shambani kwetu kuna mashimo mapana ya mviringo. Wazee husema Wasirikwa waliishi humo. (Msomaji, Soy)

Waliolala humo ni ng'ombe. Wanaakiolojia, John Sutton akiwa mashuhuri kati yao, wameonyesha kwamba yalikuwa mazizi yaliyochimbwa kidogo ardhini. Nyumba za watu zilijengwa kandokando. Wasirikwa walitamalaki nyanda hizi kwa karne nyingi kabla ya Wamaasai wa Uasin Gishu, ambao nao walivunjwa na vita vya karne ya 19, wakaacha jina likibaki. Kwa hiyo, ndugu yangu, usiyafukie kwa trekta. Mwite mtu wa Makumbusho ya Taifa kwanza.

Kwa nini miji yetu midogo imejipanga kama imefuata kamba? (Msomaji, Turbo)

Kamba yenyewe ni reli. Ilipanda kutoka Nakuru hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, ikateremka Ainabkoi, Kipkabus na Plateau, na kufika Eldoret mwaka 1924. Baadaye ikaendelea Leseru na Turbo kuelekea Uganda. Pale Leseru ilichepuka tawi la Kitale linalopitia Soy na Moi's Bridge. Kila stesheni ilivuta ghala la nafaka, duka la Mhindi, mashine ya kusaga na vibanda vya vibarua. Burnt Forest ndio ya kando kidogo: huo ni mji wa barabara kuu.

Nani alichukua mashamba wazungu walipoondoka? (Msomaji, Burnt Forest)

Hapa ndipo penye uzito. Kwa sheria ya 1915 walowezi walipewa ardhi kwa miaka 999. Hawakufikisha hata hamsini. Uhuru ulipokaribia, Makaburu wengi walifunga virago kurudi Afrika Kusini. Mashamba mengine yaligawanywa na serikali kupitia miradi ya makazi, mengine yakanunuliwa na kampuni na vyama ambavyo wananchi walichangia hisa, na mengine yakaangukia mikononi mwa wakubwa. Waliokuwa maskwota (vibarua walioishi kwenye mashamba ya walowezi), wakiwemo Wanandi, Wakeiyo, Waluhya na Wakikuyu, waliingia kwa njia tofauti: mwenye fedha ya hisa alipata ekari, asiye nayo alibaki kibarua wa mwenye shamba mpya.

Ndiyo maana Burnt Forest ina Wakikuyu wengi na Turbo ina Waluhya wengi. Na ndiyo maana katika ghasia za mwaka 1992, kisha zile za baada ya uchaguzi wa 2007, madai ya "ardhi ya babu zetu" yaliwakuta watu wenye hatimiliki mkononi. Kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa tarehe 1 Januari 2008 likiwa na watu waliokimbilia humo. Anayesema chanzo kilikuwa kura peke yake anaruka miaka mia moja.

Moi's Bridge ni Uasin Gishu au Trans Nzoia? (Msomaji, Matunda)

Uasin Gishu, kaunti ndogo ya Soy. Zamani iliitwa Hoey's Bridge, kwa mlowezi na mwindaji Arthur Cecil Hoey aliyejenga daraja juu ya mto Nzoia.