Mbwa ananyonyoka manyoya: kipimo kitangulie dawa

SWALI: Shikamoo daktari. Nina mbwa jike wa miezi minane. Alianza kunyonyoka manyoya kuzunguka jicho moja, yakafuata ya pembeni mwa mdomo, kisha ya miguu ya mbele. Mwanzoni hakuwa akijikuna. Tulimpaka oili chafu ya gari, haikusaidia. Baadaye akachomwa sindano ya muwasho, akapata nafuu kwa muda, halafu hali ikarudi mbaya kuliko mwanzo: ngozi nyekundu, vipele vya usaha, harufu kali. Huu ni upele? Na watoto wanaocheza naye wako salama?

JIBU: Marahaba. Katika maelezo yako kuna jambo moja linalonisaidia kuliko mengine yote: manyoya yalitangulia kutoka, muwasho ukaja baadaye. Mwenye mbwa wa namna hii ajiulize hilo kwanza, kwa sababu magonjwa mengi ya ngozi yanafanana kwa macho lakini hayaanzi kwa njia moja.

Upele wenyewe, ule unaoletwa na utitiri wa sarkoptesi, huanza na muwasho mkali. Mbwa hajipumzishi, anajikuna hata usiku, na ngozi huharibika kingo za masikio, kwenye viwiko na tumboni. Ukimsugua ukingo wa sikio kwa vidole, mara nyingi mguu wa nyuma huanza kukuna wenyewe. Viroboto navyo huwasha, ila manyoya hutoka zaidi mgongoni karibu na shina la mkia. Kuwathibitisha ni rahisi: chana eneo hilo juu ya karatasi nyeupe, kisha lowesha vile vichembe vyeusi vitakavyodondoka. Vikiacha rangi ya kahawia iliyoiva kwa wekundu, hicho ni kinyesi cha viroboto, yaani damu iliyomeng'enywa.

Wako, kwa umri wake na mahali alipoanzia, namshuku demodeksi. Huu ni utitiri mwembamba mrefu unaoishi ndani ya vitundu vya manyoya. Karibu kila mbwa anao wachache, alioupata kwa mama yake siku za mwanzo za kunyonya, na haumsumbui. Kinga ya mwili ikilegea, kwa kurithi, kwa minyoo, kwa lishe duni au kwa dawa, huzaliana mpaka manyoya yanang'oka. Kisha bakteria hupata mwanya kwenye ngozi iliyojeruhiwa, na hapo ndipo usaha, harufu na muwasho huja.

Ndiyo maana ile sindano inanipa wasiwasi. Sindano nyingi za muwasho ni steroidi. Hutuliza wekundu haraka, na mwenye mbwa hudhani amepona, lakini hushusha kinga, na demodeksi hushamiri. Nafuu ya muda kisha hali kuzidi kuharibika ni mwenendo unaolingana kabisa na hilo. Uliza alichomwa dawa gani, na asirudiwe kabla ya kupimwa.

Oili chafu nakuomba uiache kabisa. Ina mabaki ya mafuta ya petroli na metali, huunguza ngozi yenye vidonda, hupenya mwilini, na mbwa huimeza anapojilamba. Inaweza kumdhuru ini na figo. Kama bado ipo mwilini mwake, mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini mpaka itoke.

Kipimo anachohitaji ni kukwanguliwa ngozi. Daktari huminya eneo lililonyonyoka katikati ya vidole ili utitiri usukumwe juu, kisha hukwangua kwa ubapa wa kisu kidogo mpaka vitone vya damu vianze kuonekana. Kilichokwanguliwa huwekwa kwenye kioo chenye tone la mafuta na kutazamwa kwa hadubini. Demodeksi huonekana papo hapo, ukitembeza miguu yake mifupi. Sarkoptesi ni msumbufu zaidi: hukosekana mara nyingi hata ukiwepo, hivyo daktari anaweza kutibu kwa kushuku tu. Mwombe pia achukue sampuli ya usaha, na manyoya machache kwa ajili ya kuangalia fangasi.

Kuhusu watoto: demodeksi wa mbwa hauwaambukizi watu. Sarkoptesi huweza kuwawasha kwa muda, na fangasi, yule anayeacha mabaka ya duara, huambukiza vizuri tu. Basi mpaka majibu yatoke, wasilale naye wala kumkumbatia, wanawe mikono wakimgusa, na matandiko yake yafuliwe kwa maji ya moto.

Ikithibitika ni demodeksi, tiba ipo na ni nzuri. Vidonge vya kundi la isoksazolini vimerahisisha sana kazi hii. Kabla hajapewa, mweleze daktari kama mbwa amewahi kupata degedege. Shampuu ya klorheksidini husaidia upande wa bakteria, mradi povu likae mwilini kama dakika 10 kabla ya kusuuza. Usimchome ivermektini ya ng'ombe kwa kukadiria: kipimo kikizidi huleta kutetemeka, upofu na kifo, na mbwa wa jamii ya Collie wengi wana kasoro ya kijeni inayoifanya dawa hiyo ipenye hadi kwenye ubongo.

Usiache tiba kwa kuwa manyoya yameota. Huendelea mpaka vipimo viwili, vilivyopishana mwezi mmoja, visionyeshe utitiri wowote. Na kwa kuwa ni jike: ugonjwa ulioenea mwili mzima katika umri huu una asili ya kurithi, na joto la uzazi au mimba huweza kuurudisha. Asipandishwe, panga na daktari afungwe kizazi ngozi ikishatulia.